Pedali ya freni ikizama, gari haipandi mulima

Ndugu zetu wa mashimo, na ninyi mama na watoto munaobaki nyumbani mukingoja gari irudi, wiki hii hatutasema bei ya koltani wala kodi za bariere. Tutasema juu ya kitu kidogo kilicho chini ya mguu wa shofere: pedali ya freni. Wengi watauliza, sisi tunapanda nyuma, juu ya mifuko, pedali inatuhusu nini? Basi someni kwanza yaliyotupata.

Ilikuwa siku ya posho, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, hapa Ndosho. Gari ya komite yetu ni Hilux ya zamani, ilitoka Japani na volani upande wa kuume. Ndiyo inayobeba miti ya kushikilia mashimo, motopompe, wagonjwa, na siku zingine maiti. Ilikuwa imetoka garaje jioni ya siku ya tano. Tulikuwa tumebadilisha karibu freni yote: plaketi mpya za mbele, etriye mbili za mbele zilizokwisha kutumika tulizonunua Birere, na garnitire mpya za nyuma. Makuta ya kotizasio ya miezi mingi yaliishia hapo.

Kule juu, upande wa Rubaya, kijana wetu mmoja alikuwa amevunjika mguu usiku. Jiwe lilimuangukia ndani ya shimo. Bibi yake alikuwa hapa Goma, akafika Ndosho na mutoto mugongoni, mukononi ameshika kitenge cha kumufunika mume. Kila mtu alikuwa na haraka.

Shofere wetu ni muzee aliyekaa miaka mingi kwenye njia ya Sake na Masisi. Alipanda, akawasha moteri, akakanyaga freni mara moja, mara mbili. Akazima. Akashuka.

"Pedali iko inazama. Miye siendi na batu."

Fundi kijana aliyetuletea gari akacheka. "Muzee, ni freni mpya, itakaa yenyewe njiani. Pampu mara mbili tu, utaona inakamata."

Na kweli, ukipampu mara mbili ilikuwa inakamata. Sisi wa komite tulikuwa wanne pale, na tutasema ukweli hata kama unatuletea haya: sisi ndio tulikuwa wa kwanza kumusukuma muzee. Mmoja wetu akasema, mutu anaumia kule juu, weye unachezea pedali? Mwingine akasema tutatafuta shofere mwingine. Sisi ambao kila mwezi tunasimama mbele ya wakubwa wa koperative tukisema mchimbaji ana haki ya kukataa kuingia shimo lisilo na miti, ile asubuhi tulitaka kumuingiza muzee ndani ya shimo lake.

Muzee hakubishana. Alitoa funguo, akaiweka juu ya kapo, akaenda kukaa juu ya jiwe la volkano kando ya njia. "Funguo ile pale. Anayetaka aende."

Hakuna aliyeichukua.

Tukakodisha gari ya mtu mwingine, ikapanda na bibi wa kijana na mmoja wetu. Tutarudi kwa habari yao. Waliobaki tulibaki na Hilux, na ile siku nzima tulijifunza freni kama watoto wa primere. Yale tuliyojifunza ndiyo tunataka kuwapa.

Kwanza, freni inafanya nini. Chukudu kila mtu wa Goma anaijua, hata sanamu yake iko kwenye rompwe. Freni yake ni kipande cha mpira wa gari juu ya gurudumu la nyuma: unakanyaga, mpira unasugua, unaona kwa macho yako. Gari haiko hivyo. Mguu wa shofere haugusi gurudumu. Unasukuma pompe ndogo iliyo mbele yake chini ya kapo, mafundi wanaiita metre-silinda. Hiyo pompe inasukuma mafuta ya freni ndani ya tiyo nyembamba hadi kwenye magurudumu yote manne. Mbele, mafuta yanasukuma pistoni za etriye, ile mikono ya chuma inayobana disiki kwa plaketi. Nyuma, yanafungua garnitire ndani ya tamburi. Mafuta hayajikunji. Ukisukuma huku, kule yanasukuma hapohapo, na kwa nguvu.

Lakini hewa inajikunja. Wachimbaji hamuhitaji profesa kwa hili. Motopompe ikivuta hewa, moteri inalia, maji hayapandi, shimo linajaa. Munafanya nini? Munajaza maji ndani ya pompe, munafunga pale inapovutia hewa, ndipo inashika tena. Freni ni vilevile. Kila mara fundi anapofungua tiyo ya freni, hewa inaingia. Isipotoshwa yote, mguu wa shofere unafanya kazi ya kukunja hewa, na garnitire haisogei. Kutosha hiyo hewa ndiyo mafundi wanaita kupurje.

Sasa lile neno la fundi kijana, kwamba freni mpya "itakaa yenyewe". Ni neno la nusu. Plaketi mpya juu ya disiki ya zamani kweli inahitaji kusuguana kilometa kadhaa kabla ya kukamata vizuri, na shofere anapaswa kwenda polepole siku hizo. Hiyo ni habari ya kukamata. Pedali kushuka chini ni habari ingine kabisa. Hewa haitoki yenyewe kwa sababu gari imetembea. Garaje nyingi hapa kwetu zinachanganya hayo mawili, na mwenye gari analipa anaondoka.

Muzee alikuwa anajua kusoma pedali kwa mguu, na akatufundisha pale juu ya jiwe lake, bila kusimama. Ikiwa pedali iko laini kama eponji, unakanyaga inarudisha mguu, unapampu inapanda kidogo lakini haikauki, ile ni hewa. Ikiwa mara ya kwanza inashuka chini sana, lakini mara ya pili inakutana juu na iko ngumu, mara nyingi ni nafasi: garnitire za nyuma ziko mbali na tamburi, hazikukazwa. Na ikiwa iko ngumu mwanzoni, halafu ukiishikilia inashuka polepole kama mutu anayesinzia, mafuta yanavuja mahali fulani, ao mipira ya ndani ya metre-silinda imechoka na mafuta yanapita kando. Hiyo ya tatu ndiyo anaiogopa zaidi, juu inaweza kukudanganya asubuhi nzima.

Kuna na ya nne ambayo si ugonjwa, lakini inaua. Ukibadilisha plaketi tu, bila kufungua tiyo yoyote, fundi anarudisha pistoni nyuma ili plaketi nene ziingie. Mara ya kwanza kukanyaga, pedali inakwenda hadi chini kabisa, hakuna freni. Lazima kupampu gari ikiwa imesimama, hadi pistoni zirudi zikutane na plaketi, ndipo gari iguse njia. Kuna watu waliotoka garaje kwa marshariere wakakanyaga freni kwa mara ya kwanza ukuta ukiwa nyuma yao.

Ya kwetu ilikuwa na dalili ya kwanza na ya pili pamoja. Ndiyo maana kutafuta kulichukua siku.

Saa mbili fundi kijana alianza kupurje tena. Tukamusaidia. Mmoja ndani anakanyaga na kushikilia, mwingine chini na kle ya 10 anafungua kidogo visi ya purje, mafuta na hewa vinatoka kwa mpira mwembamba ulioingia ndani ya chupa yenye mafuta, anafunga, ndipo wa ndani anaachilia. Haifai kuachilia kabla visi haijafungwa, sababu gari itavuta hewa upya. "Shika!" "Nimeshika!" "Achilia!" Watoto wa kartie walikuja kutuangalia wakaanza kuimba hivyo. Na mara kwa mara lazima kuongeza mafuta kwenye kopo la juu. Jioni ya siku ya tano, kijana alikiri, kopo lilikauka mara moja katikati ya kazi. Likikauka, metre-silinda inavuta hewa, na kazi yote inaanza mwanzo.

Tulimaliza chupa mbili za mafuta. Pedali bado eponji.

Kijana akaanza kukasirika, akawa anapampu kwa nguvu hadi chini kabisa, tap tap tap. Hapo ndipo alifika fundi mwingine, mutu mzima, rafiki wa muzee, na neno lake la kwanza lilikuwa "Acha!" Akatafuta kipande cha ubao, akakiweka chini ya pedali. Akatuambia: ndani ya metre-silinda ya zamani, mipira inatembea kila siku mahali palepale, pale pamelainika. Mbele zaidi, ambako haifiki, kuna kutu na uchafu. Ukikanyaga hadi chini siku ya kupurje, unapeleka mipira juu ya ile kutu, inakatika. Ulikuja na hewa, unaondoka na metre-silinda iliyokufa. Ubao unazuia mguu usifike kule. Kitu kidogo hivyo, na hatujawahi kukiona garaje.

Halafu akainama kwenye gurudumu la mbele, akauliza swali moja. "Visi ya purje iko upande gani?"

Tukaangalia. Ilikuwa chini.

Akaenda gurudumu la pili. Chini vilevile. Etriye ya kuume ilifungwa kushoto, ya kushoto ikafungwa kuume. Zinafanana, buloni zinaingia, plaketi zinaingia, gari inatembea. Lakini hewa inapanda juu siku zote, na mlango wa kuitosha ulikuwa chini. Tungeweza kupurje hadi Noeli, mafuta yangetoka mazuri, na hewa ingebaki imekaa juu ndani ya etriye ikitucheka. Ndugu, kama munabadilisha etriye, hasa hizi za kutumika tunazonunua moja moja, angalieni tu hilo: visi ya purje lazima iwe juu.

Akazigeuza. Na kabla ya kuendelea akataka gari ishushwe chini, nyuma ilikuwa bado juu ya mawe, magurudumu yananing'inia. Sisi tulidhani anapoteza wakati. Hilux nyingi, na gari zingine za mizigo, ziko na valvu juu ya ekseli ya nyuma inayopima uzito. Gari ikiwa tupu, inapunguza nguvu ya freni ya nyuma ili magurudumu yasikwame. Gari ikiwa na mzigo, inaiachilia. Ukiinua nyuma na magurudumu yakining'inia, valvu inafikiri gari haina kitu, inabana mafuta, na kupurje nyuma kunakuwa kwa shida. Basi nyuma ishuke, uzito ukae juu ya magurudumu, na kama valvu yenyewe iko na visi yake, ipurjiwe nayo.

Jambo lingine dogo ambalo linahusu gari zetu. Kama huna kitabu cha gari, kawaida unaanza na gurudumu la mbali zaidi na metre-silinda, unamaliza na la karibu. Kwa gari ya volani ya kushoto, la mbali ni la nyuma kuume, na hivyo ndivyo mafundi wengi walivyofundishwa. Lakini gari zilizotoka Japani, volani kuume, metre-silinda nayo iko kuume. La mbali ni la nyuma kushoto. Fundi kijana alikuwa anaanza upande mbaya tangu jana. Hilo peke yake halikuwa kosa kubwa, ila tulicheka. Tulihitaji kucheka.

Hewa ilitoka, mapovu makubwa, halafu madogo, halafu mafuta safi. Pedali ikapanda. Lakini bado mara ya kwanza ilishuka kupita nusu, ya pili ikawa ngumu juu. Fundi akasema, sasa hiyo si hewa, ni nyuma. Garnitire mpya zilifungwa bila kukazwa. Akapita kwa tundu la nyuma ya tamburi na turnavisi, akazungusha kagurudumu kenye meno hadi gurudumu likaanza kusugua kidogo likizungushwa kwa mukono, akarudisha nyuma meno machache. Kuume, kushoto. Freni ya mkono nayo ikawa na kazi tena. Ile ilikuwa inavutwa hadi juu kama mutu anayechota maji kisimani.

Saa tisa pedali ilikuwa juu na ngumu. Muzee akaamka kwenye jiwe lake. Akazima moteri, akapampu mara kadhaa, akashikilia kwa nguvu akahesabu hadi 30. Haikushuka. Mguu ukiwa palepale akawasha moteri: ikashuka kidogo tu, ikasimama. Hiyo ni kawaida, ndiyo servo inayosaidia mguu, na isiposhuka kabisa servo haifanyi kazi. Halafu akaangalia kila kiungo kwa kidole kama kuna unyevu. Akatembea ndani ya parseli mwendo wa mutu kwa miguu, akafunga freni. Akaenda hadi Mugunga, tupu. Akarudi, tukapakia mawe ya volkano mahali pa abiria, akaenda tena.

Tunaandika hayo yote kwa urefu juu tunajua njia munazopitia. Kutoka Goma hadi Sake, hata freni mbaya inaweza kukufikisha. Toka Sake upande Mushaki, halafu ushuke ukiwa na mzigo, hapo ndipo pedali inasema ukweli wake. Tulipiga hesabu na mwalimu mmoja wa fizike. Gari ya tani 3 na mzigo wake, ikishuka mulima wa metre 500 kwenda chini kwa freni peke yake, joto linalozaliwa linatosha kuchemsha zaidi ya bidoni mbili za lita 20 za maji ya kawaida. Joto hilo lote linaingia kwenye disiki, tamburi, na mwishoni kwenye mafuta ya freni. Ndiyo maana mashofere wazuri wanashuka kwa vitesi ndogo, ileile waliyopandia, wanaacha moteri ishikilie gari, na freni wanaigusa na kuiachilia. Shofere anayeshuka na moteri imezimwa ili kupunguza mafuta, mumwambie musimame. Servo haina msaada tena baada ya kukanyaga mara chache.

Na mafuta yenyewe. Chupa zinaandikwa DOT 3 ao DOT 4. DOT 3 ikiwa mpya lazima ivumilie hadi digri 205 bila kuchemka, DOT 4 hadi 230. Lakini mafuta haya yanakunywa maji kutoka hewani, kidogo kidogo, hata gari ikiwa imelala. Yakiisha kukunywa maji karibu asilimia 4, DOT 3 inabaki na kiwango cha 140, DOT 4 cha 155. Na mama zetu wanajua kwamba hapa Goma, kwenye metre kama 1.500, maji yanachemka mapema, karibu digri 95, ndiyo maana maharagwe yanakula makala mengi. Maji ndani ya mafuta ya freni yakichemka kwenye muteremko yanakuwa mvuke, na mvuke unajikunja kama hewa. Pedali iliyokuwa ngumu asubuhi inakuwa eponji mchana, na ikipoa jioni inakuwa ngumu tena. Watu wanasema gari imelogwa. Haikulogwa. Mafuta yabadilishwe yote, kila miaka miwili kwa njia kama zetu, na chupa iliyofunguliwa muda mrefu isitumiwe.

Kuna kosa moja baya tunaloliona: mafuta ya freni yanaisha njiani, mutu anaongeza mafuta ya moteri ao ya volani. Mipira ya freni haivumilii mafuta hayo, inavimba, inalegea. Fungua kopo la freni, angalia mpira wa kifuniko. Ukiwa umevimba na kupinda, mutu alishamimina kitu kibaya, na mipira ya ndani yote iko hivyohivyo. Hapo kupurje hakusaidii, ni kubadilisha mipira yote na kusafisha tiyo.

Mama, neno moja kwenu. Mafuta ya freni yanayotoka yanawekwa mara nyingi ndani ya chupa ya maji ao ya Fanta, na rangi yake ni kama juisi. Ni sumu. Yasikae nyumbani ndani ya chupa ya kunywa, hata siku moja.

Na kama muko njiani, tayari kwenye muteremko, na pedali inazama? Shofere apampu haraka haraka, arudishe vitesi chini moja moja, avute freni ya mkono polepole bila kuikaba ghafla, na aegemee upande wa mulima, si upande wa bonde. Abiria wasiruke. Tunajua kusema hivyo ukiwa umekaa ofisini ni rahisi.

Tunarudi kwa muzee. Sheria ya kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka mwajiri aangalie usalama wa mfanyakazi wake. Lakini mashofere wengi wa hizi njia hawana karatasi hata moja ya mkataba. Wanalipwa kwa safari. Akikataa safari, watoto hawali ile siku, na kesho gari inapewa kijana asiyekataa. Sisi nasi, bila kuandika popote, tulikuwa tunamulipa muzee kwa safari. Siku ya posho hangepata kitu. Tulikaa jioni ile, tukakata shauri: siku shofere anakataa kwa sababu ya freni, siku inalipwa, na gari haitoki hadi yeye mwenyewe aseme ndiyo. Hakuna wa komite anayeweza kupita juu ya neno lake. Wawili kati yetu hawakupenda, walisema mashofere watakuwa wanalala na kusingizia pedali. Tukawajibu kwamba pedali inaweza kukanyagwa na kila mutu, waende wakanyage.

Kijana wa mguu alishuka na ile gari ya kukodi saa kumi na moja jioni, akapelekwa hospitali, mguu ukafungwa plasta. Alikaa masaa mengi na maumivu kwa sababu yetu. Bibi yake alitukuta pale mulangoni na hakutusalimia. "Ile gari ya komite tumeilipia kotizasio kila mwezi," alisema, "siku ya shida iko juu ya mawe." Tulianza kumueleza habari ya visi ya purje. Akatuangalia tu. Alikuwa na haki. Gari ile ilipaswa kujaribiwa siku ya tano jioni, na mzigo, muzee akiwa ndani, kabla garaje haijalipwa. Sisi tulilipa juu plaketi zilikuwa zinang'aa.

Sasa tuko na kaye ndani ya gari. Kila asubuhi kabla ya kupakia, shofere anakanyaga, anahesabu 30, anaandika: ngumu, ao laini, na kiasi cha mafuta kwenye kopo. Mtu yeyote anayepanda anaweza kuomba kuiona. Kaye ya wiki hii inaonyesha ngumu siku zote, isipokuwa mahali pamoja muzee ameandika kwa wino mwekundu: mipira mitatu ya freni, miwili ya mbele na mmoja wa nyuma, imepasukapasuka ngozi. Mipira kama hiyo inavimba ukikanyaga, na siku moja inapasuka. Kasha ya komite iko na makuta ya mmoja. Muzee amesema hadi yote mitatu ipatikane, Hilux inabaki kwenye njia ya tambarare, haipiti Sake. Tumekubali. Mutu akiwa na mgonjwa kule juu, atujulishe mapema tutafute gari ingine.